Maneno ya Lea Yaliyopotea Njiani

Jioni ikiingia mjini Mafinga, mashine za mbao hunyamaza. Philbert hufunga karakana yake ya useremala, hukung'uta vumbi la mbao kwenye nguo, kisha hurudi nyumbani kuota moto jikoni. Mkewe, Lea, huosha vyombo mapema. Jioni ni saa yake ya shule.

Lea aliacha shule akiwa msichana. Sasa anasoma masomo ya watu wazima kwa intaneti. Mwalimu wake, Yudith, yuko Iringa. Kabla ya kila kipindi Lea husali kwa sauti ndogo, ndipo huwasha kompyuta.

Jioni moja alisoma kwa sauti habari ya kilimo cha parachichi. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Dada Lea, mbona unaruka maneno?" mwalimu aliuliza.

"Sijaruka hata moja, mwalimu."

"Mimi nasikia nusu nusu. Jumatatu ni jaribio la kusoma. Ukisoma hivi, sitaweza kukupandisha. Utarudia darasa."

Usiku huo Lea alimsimulia mumewe.

"Tulipie spidi kubwa zaidi," Philbert alisema. "Kile kisanduku cha ruta nimekizima na kukiwasha mara nyingi, wapi!"

"Nimemwomba Mungu anipe mtu wa kunisaidia," Lea alijibu. "Kesho namwita Anyitike."

Anyitike ni jirani yao. Kazi yake ni kutunza kompyuta za chuo kimoja cha ufundi. Jumamosi asubuhi alifika akiwa na laptopu na waya mfupi.

"Kamwene, shemeji!" alimsalimu Philbert kwa Kihehe. "Nasikia intaneti yenu inakula maneno ya dada yangu."

"Kamwene. Inakula, na asante haisemi," Philbert alijibu.

Anyitike aliunganisha laptopu na ruta kwa ule waya mfupi.

"Kwa nini usitumie waifai?" Lea aliuliza.

"Waifai nayo huweza kupoteza. Naiweka pembeni kwanza, tusije tukailaumu bure."

Aliandika amri fupi. Laptopu ikaanza kuita ruta, na ruta ikaitikia kila mara. Kisha akaita kompyuta ya mbali, nje ya Mafinga. Safari hii jibu mara lilikuja, mara halikuja.

"Mnaona? Jibu limepotea hapa, na hapa tena. Sauti yako, dada, hukatwa vipande vidogo. Vinaitwa pakiti. Ni kama lori la mbao linalotoka hapa kwenda Iringa. Mbao zikidondoka njiani, mnunuzi anapokea pungufu."

"Si zitumwe nyingine?"

"Kwa barua au picha hutumwa upya. Kwenye mazungumzo hakuna muda. Neno likidondoka, limekwenda. Na wewe, shemeji, ukiongeza spidi, lori litakimbia zaidi, lakini mbao zitadondoka vilevile."

Alifungua ukurasa wa ruta. Hesabu ya makosa ilikuwa inapanda huku wanaitazama. Nguvu ya mwanga unaoleta intaneti ilikuwa chini.

"Kati ya laptopu na ruta hakuna kinachopotea. Tatizo liko kwenye laini. Waya wenu wa faiba umepita wapi?"

Philbert alisimama kwa fahari. "Huwezi kuuona! Mafundi waliuacha unaning'inia kama kamba ya nguo. Nikauficha nyuma ya ubao wa mlango. Kona nimeipima kwa guniya, kile kipimo chetu cha pembe, mraba kabisa. Halafu nikaubana kwa misumari."

"Eee, shemeji wangu! Fungua tuone."

Philbert alibandua ubao. Waya ulikuwa umekunjwa kwenye kona kama karatasi, na msumari mmoja umeuminya.

"Ndani yake kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele," Anyitike alieleza. "Maneno hupita humo kama mwanga. Ukiukunja hivi, mwanga unavuja. Ubao unataka mraba. Faiba inataka mzunguko mpana."

Philbert alichukua koleo. "Ngoja niunyooshe."

"Acha! Ukikatika hamtakuwa na intaneti kabisa, na vipande vya kioo huchoma ngozi. Wala usichungulie ncha yake. Mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kuumiza macho. Ipigie simu kampuni. Usiseme tu intaneti ni mbovu. Waambie ulichokiona."

Philbert akapiga. "Tumepima kwa waya hadi kwenye ruta, hakuna kinachopotea. Pakiti zinapotea kwenye laini. Makosa yanaongezeka, mwanga uko chini. Waya umekunjika mlangoni." Akashusha sauti. "Nimeukunja mwenyewe."

Fundi wa kampuni alifika alasiri. Alibadilisha kipande kilichoumia. Philbert alichonga ubao wa mviringo, mpana kama sahani, na waya ukalazwa juu yake bila msumari. Anyitike akapima tena. Kila wito ulijibiwa, na hesabu ya makosa ilisimama.

"Kona yenyewe haipendezi," Philbert alinung'unika.

"Kwani nani ana mtihani," Lea aliuliza, "mimi au kona?"

Jumatatu jioni Lea alisali, akawasha kompyuta, akaanza kusoma. Mwalimu Yudith alifuatilia kila neno. Kisha akasema, "Simama hapo. Umesoma 'mbegu'. Imeandikwa 'mbolea'."

Lea alitazama mstari. Kweli, alikuwa amekosea. Akausoma upya, akaendelea mpaka mwisho.

"Kosa moja tu," mwalimu alisema. "Umepanda darasa."

"Asante, mwalimu. Na hilo moja ni langu."