Maji ya Njia ya Juu

Ralitsa alitoka kwenda kuchukua maziwa tu.

Ilikuwa Alhamisi jioni, jua limeshazama nyuma ya misonobari, na kijiji cha Smrikovo kimetulia kama kinavyotulia kila Agosti. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu aanguke na baiskeli. Wiki saba za kutazama dari, na chuma kirefu ndani ya paja la kushoto. Siku hiyo alikuwa anatembelea gongo moja badala ya mawili, na alitaka aende kwa jirani na kurudi kabla mama mkwe wake hajajua, ili asiambiwe kaa chini, utaanguka tena.

Bibi Fidana mwenye ng'ombe alikaa nyumba ya tatu kwa kupanda. Ukifuata barabara ni mbali. Ukikatiza nyuma ya mabanda unatokea njia panda, pale ambapo njia ya juu ya baiskeli inashuka kutoka mlimani. Ralitsa alikuwa ameongoza wageni kwenye njia hiyo kwa miaka tisa. Kila jiwe alilijua. Na ndipo hapohapo alipoangukia.

Akakatiza nyuma ya mabanda.

Kilichomsimamisha ni harufu. Majani machungu ya pakanga. Nta iliyoungua. Na kitu kingine... kama nywele zilizoguswa na moto.

Alishtuka kwa sababu harufu hiyo alikuwa nayo mwilini. Ndiyo harufu ya maji ambayo mama mkwe wake, Stoyna, alimwosha nayo mguu kila jioni, akinong'ona maneno yasiyosikika. Alikuwa ametoka kuoshwa nusu saa iliyopita. Siku zote Stoyna akimaliza hubeba beseni na kutoka kwa mlango wa nyuma, na Ralitsa siku zote alidhani bibi wa watu anakwenda kumwagilia nyanya zake.

Nyanya haziko njia panda.

Alimwona kupitia mwanya wa ubao. Stoyna alikuwa anatembea kinyumenyume, beseni kifuani, midomo ikimchezacheza. Akamwaga maji taratibu, mstari mmoja, kutoka ukingo mmoja wa njia hadi mwingine. Kisha akageuka, akashika njia ya nyumbani. Hakutazama nyuma hata mara moja.

Ralitsa alibana pumzi mpaka nyayo zilipopotea. Halafu akasogea, akautazama ule mstari mweusi juu ya vumbi.

Alishawahi kuuona.

Siku ya ajali mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki mbili. Vumbi tupu. Alishuka peke yake asubuhi ile, wala hakuwa na haraka. Na hapa, hapahapa, aliona mstari wa maji umekatiza njia. Akajiuliza, nani kamwaga maji huku? Tairi la mbele likaugusa. Likakamatwa. Halikuteleza, wala halikugonga kitu. Lilikamatwa, kama vile mkono umetoka ardhini ukalishika. Kilichofuata ni mlio wa mfupa wake mwenyewe.

Krasen, aliyekuwa akifanya naye kazi ya kuongoza wageni, alikuja baadaye kupakagua. Hakukuta jiwe wala mzizi. "Umeangukia ardhi tupu, dada yangu," alimtania hospitalini, "kama gunia la viazi." Walicheka.

Sasa hakucheka.

*

Bibi Fidana alimpokea langoni na chupa ya maziwa. Akamtazama usoni, kisha akatazama alikotokea.

"Umepitia huko nyuma?"

"Nimepitia."

"Hukukanyaga?"

"Nikanyage nini, bibi?"

Fidana akatazama barabara, juu na chini. Akapunguza sauti. "Mumeo anatembea vizuri siku hizi."

"Rumen? Mguu wake ulipona."

"Ulipona. Mimi sijasema haukupona." Akamkabidhi chupa. "Gogo lilimvunja Februari, si ndiyo? Mguu wa kushoto, juu ya goti. Madaktari wakasema atachechemea mpaka kaburini. Sasa hebu niambie, aliacha kuchechemea lini?"

Ralitsa hakujua. Watu wote walikuwa wanamshughulikia yeye, nani angeutazama mguu wa Rumen?

"Maumivu hayafi, mwanangu," Fidana akanong'ona. "Yanahama. Ukiyaosha, lazima yapate pa kwenda. Anayekanyaga maji ndiye anayeyabeba. Haya, nenda, maziwa yasiharibike. Na mimi sijakwambia kitu."

Akafunga lango. Ralitsa alisikia komeo likishuka, mara mbili.

*

Mezani walikuwa watatu. Supu ya maharage, mkate, na pombe kali kidogo ya rakia kwa Rumen, maana ametoka kiwandani kupasua mbao. Ralitsa aliutazama mguu wake chini ya meza. Ulikuwa unacheza, unapigapiga sakafu kama mguu wa mtu aliyesikia ngoma.

"Mbona unanitazama hivyo?" Rumen akacheka. "Nimejipaka supu?"

"Mguu wako ulipona lini?"

Kijiko cha Stoyna kikasimama hewani.

"Ah... mwezi wa sita?" Rumen akaumega mkate. "Nani anakumbuka?"

"Mwezi wa sita tarehe ngapi?"

Saa ya ukutani ikagonga. Stoyna akainuka, akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Ralitsa hakupata usingizi. Alilala akiupapasa mshono wa paja lake, akipiga hesabu nyingine. Daktari alisema asikanyagie mguu huu kabla ya miezi mitatu. Juzi, alipotazama picha ya mfupa, alivua miwani, akavaa, akatazama tena. "Wewe umetengenezwa na nini?" aliuliza.

Jumapili kulikuwa na mashindano. Waendesha baiskeli sitini wangeshuka njia ya juu, na wa kwanza kabisa angekuwa Krasen, kuwafungulia njia. Ana mtoto wa miezi minne.

Na lililomtisha zaidi ni sauti ndogo ndani yake iliyosema: nyamaza. Mguu unapona. Wewe umeona nini? Umeona bibi anamwaga maji.

Kulipopambazuka akampigia Krasen simu.

"Funga njia ya juu. Wapitishe chini."

"Kwa sababu gani?"

"Sema mti umeanguka. Sema lolote. Krasen, nakuomba."

Krasen akacheka. "Umekuwa bibi kizee, wewe! Mwaka jana ulinitukana niliposema njia ya juu ina hatari."

"Nitukane na wewe. Lakini ifunge."

Krasen akaifunga. Ralitsa mwenyewe alijikongoja hadi njia panda, akaburuta matawi mpaka mikono ikatoka damu, akayalaza juu ya alama ile iliyokuwa imeshakauka. Kisha akarudi, akamkuta Stoyna jikoni anakanda unga.

"Nimekuona jana, mama."

Mikono ya Stoyna haikuacha kukanda. "Najua. Ulisahau kufunga mlango wa mbele."

"Uliniwekea mimi maji yale? Mwezi wa sita?"

Hapo ndipo mikono ilipoacha. Bibi akakaa kwenye kiti, unga mpaka viwikoni, na ghafla akaonekana mdogo.

"Wewe? Mungu anisamehe. Nilitaka apite mgeni. Hao wa mjini, wanaopita kama risasi, hata salamu hawatoi. Siku ile wewe ulisema unakwenda kwa dada yako Plovdiv."

"Nilibadili mawazo."

"Ulibadili mawazo," Stoyna akarudia. "Niliposikia gari la wagonjwa, nikajua. Unadhani ni kwa nini nakuosha kila siku? Nakurudishia nilichokuchukulia."

"Kwa kumchukulia mwingine."

Bibi akaanza kujipangusa unga viwikoni.

"Basi imetosha. Usimwage tena palipo na njia ya watu. Niapie."

Stoyna akachora ishara ya msalaba, akaacha alama ya unga kwenye paji la uso. Akasema siku zilizobaki ni tano tu, na kazi ikikatizwa katikati mguu utaoza. Ila maji yatakwenda porini kwenye majabali, mahali asipopita hata mbuzi.

Jumapili sitini walishuka njia ya chini, na sitini walifika wazima. Krasen alimtumia picha yake, mdomo wazi, kachafuka vumbi. Ralitsa alilia kidogo, peke yake, kwa furaha.

Lakini mguu uliendelea kupona.

Jumatatu maumivu yakawa hayapo. Jumanne akapanda ngazi. Jumatano, mwanga ukiwa ndiyo kwanza unaingia dirishani, aliamka, akasimama, akatembea hadi mlangoni, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba gongo amelisahau kitandani.

Akatabasamu.

Nje ya chumba... kishindo.

Halafu mlio. Mkavu. Aliujua mlio ule.

Stoyna alikuwa amelala mlangoni mwa chumba chake, kanzu ya kulalia imempanda, paja la kushoto limepinda mahali pasipopinda paja. Juu kidogo ya goti. Ralitsa akapiga magoti kando yake, akaweka kiganja sakafuni.

Sakafu ilikuwa imelowa.

Pakanga. Nta.

"Mama! Maji haya umemwaga wewe?"

Macho ya bibi yalizunguka, yakamwona. "Sijatoka mimi," akanong'ona. "Tangu Ijumaa sijatoka. Rumen alisema... mama, wewe umechoka, nitayapeleka mimi kwenye majabali..." Akamshika Ralitsa mkono kwa kucha. "Hata mara ile ya kwanza. Mahali pa kumwaga... alinionyesha yeye."

"Mama kateleza?"

Rumen alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi, kavaa nguo zake zote, viatu vimefungwa kamba. Hakuna aliyekuwa amemwita. Akaja kwa hatua nzito, zilizo sawasawa, akamnyanyua mama yake kama anavyonyanyuliwa mtoto. Njiani aliruka sakafu ile yenye maji. Hakuangalia chini. Aliruka tu, kama mtu anayejua.

Hospitalini walikaa ukumbini wakisubiri. Ralitsa aliacha kiti kimoja kati yao.

"Ulifanya makusudi," akasema kwa sauti ya chini.

Uso wa Rumen haukuwa na hasira wala aibu.

"Mama ana miaka sabini na moja," akasema. "Wewe una thelathini na minne."

"Na mwezi wa sita? Ulijua nimebadili mawazo? Ulijua nitapita mimi?"

Akamtazama. Akamshika goti, lile lililopona, akalibana kidogo kwa upole.

"Si umepona?"

*

Jioni ileile Ralitsa alipanda basi la Plovdiv na begi moja. Dada yake alimpa chumba. Alipata kazi kwa fundi wa baiskeli upande wa pili wa mto. Anatembea vizuri, hata mvua ikinyesha haumwi. Ila kila asubuhi, kabla hajashuka kitandani, huinama kwanza na kupapasa sakafu kwa kiganja. Dada yake amemwona mara mbili, hakumuuliza.

Wiki ya nne Rumen alipiga simu. Ralitsa aliitazama ikilia. Mwishowe akapokea.

"Nina habari njema," Rumen akasema. Nyuma yake kulisikika nyayo, za mtu mzima, zikipita jikoni bila gongo. "Mama ameanza kutembea. Madaktari wenyewe wanashangaa."

Ralitsa hakuuliza nani kakanyaga.

"Na wewe, mke wangu," Rumen akaendelea kwa upole, "kule kazini, bado unapita lile daraja la waenda kwa miguu asubuhi?"

Simu ikakatika.

Ralitsa hakuwa amemwambia mtu yeyote wa Smrikovo kwamba amepata kazi.