Mstari Wenye Wino Mzito

Faili la majaribio lilikuwa na maelezo ya kupika supu ya mwani, basi. Hui-jae alipolifungua, chini ya kichwa cha habari ukatokea mstari ambao haukuwemo: Miguu yangu imelowa.

Akaufuta. Akafungua upya. Ukarudi, kwa wino mzito.

Nje mvua ya Seoul ilipiga vioo. Wateja wa kampuni walitaka programu yao ya kuandikia ipokee maandishi ya Markdown, yale ambayo alama ya reli mbele ya mstari hugeuka kichwa cha habari na nyota huleta wino mzito. Kazi hiyo aliianza mwenzake, Mi-ran. Siku ya mafuriko Meneja Tak alimlazimisha aje ofisini, maji yakamzidi kwenye njia ya chini ya barabara. Tak hakwenda msibani. Alifuta jina la marehemu kwenye kazi yake akaweka lake, yeye ambaye hata karatasi ya printa hubadilishiwa.

"Meneja, tazama," Hui-jae alinong'ona.

Tak alisoma, akacheka puani. "Hitilafu ndogo, wewe unaweka matanga. Rekebisha. Wateja wanakuja leo."

"Nimetafuta kote. Hautoki popote."

"Basi umeuandika wewe. Mnapenda kulialia, nyie. Na yule alikuwa hivyohivyo."

Alipoondoka ikapanda harufu ya tope, kwanza kwenye kibodi, kisha kwenye zulia, na kila faili ambalo Hui-jae alifungua lilitoa mstari uleule, ukijirudia ukurasa baada ya ukurasa, huku chini ya meza kitu kibichi, baridi, kikimgusa vifundo vya miguu taratibu kama mtu anayepapasa gizani akitafuta pa kushika.

Alimpigia simu Mama Kuk, mganga, jirani wa mama yake. Mganga akaja na njuga na sahani ya wali, akaanza kucheza mbele ya kompyuta. Ghafla akasimama. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya Mi-ran.

"Tak. Nilikwambia maji yamejaa. Ukasema nini?"

Tak alikuwa mlangoni. Uso ulimpauka, lakini kiburi kikamwahi. "Mmeleta maigizo ofisini?"

"Muombe radhi, bwana," mganga alisema kwa sauti yake, akihema. "Mtaje jina. Ataondoka kwa amani."

"Nimpigie magoti maiti? Angeogelea."

Njuga zikanyamaza zenyewe. Harufu ikakatika. Hui-jae akafungua faili: supu ya mwani, basi.

"Mmeona?" Tak alijigamba, akirekebisha tai. "Mnatishwa na vivuli, wajinga nyie. Nashuka kupokea wateja."

Mama Kuk alikuwa akikusanya vitu vyake mbiombio.

"Ametoka, mama?" Hui-jae aliuliza.

"Humo, ametoka."

"Amekwenda wapi?"

Mganga alikuwa akiutazama mgongo wa Tak.

Tak aliingia kwenye lifti peke yake. Kengele ya uzito uliozidi ikalia. Akatoka, ikanyamaza. Akaingia, ikalia.

"Hata lifti zenu takataka," alifoka, akashika ngazi.

Walisikia viatu vyake vikishuka. Na nyuma yake, bila haraka, nyayo tupu zenye maji.