Sindano ya Saa Saba

Miaka ile bidhaa zilipoanza kufurika tena Kariakoo, Severa alikuwa na duka la masufuria. Kila asubuhi aliyapanga, makubwa chini, madogo juu. Lakini sasa alikuwa akichechemea. Kidonda cha kisigino kilikataa kukauka kwa sababu ya kisukari. Mumewe, Onesphory, alikatwa mguu kwa kisukari hichohicho kabla hajafariki.

Kliniki walimwandikia insulini mara nne kwa siku: kabla ya kila mlo, na moja ya kulalia. Ya mchana ndiyo iliyomshinda. Ajidunge dukani, wateja wamwone? Mtaa mzima ungesema ana ule ugonjwa wa Ukimwi. Basi akabuni njia yake. Asubuhi, nyumbani Magomeni, alijidunga ya asubuhi na ya mchana kwa pamoja.

Siku ya tatu, saa nne, mikono ilianza kumtetemeka. Jasho likamtoka. Sufuria likamponyoka.

"Mama Caroline!" Shanta, jirani yake wa duka la vitambaa, alikuja mbio na soda. "Kunywa. Usibakize."

Severa akanywa. Baada ya muda akatulia. Shanta akampa chapati.

"Umejuaje, Mama Tejas?"

"Najidunga mwaka wa sita huu. Leo umejidunga ngapi?"

Severa akasema ukweli.

"Mbili kwa mpigo! Sasa dawa ya mchana imekuja, chakula cha mchana kiko wapi? Sukari inaanguka, unazimia. Kila sindano ina mlo wake, dada. Pima, jidunge ulichoandikiwa, kula."

"Na watu watasema nini?"

"Wanasema hata vitambaa vyangu vinachuja rangi. Nimefunga duka?"

Severa akacheka, kisha akatazama kisigino chake.

"Onesphory alisema sindano ni ya mtu anayekufa. Akaikataa."

"Basi wewe usimfuate huko."

Kuanzia kesho yake, kila saa saba, walikaa pamoja nyuma ya majora ya vitambaa. Walitoboa kidole, wakapima, wakajidunga, wakala. Punde Severa akaacha kujificha.

"Unaumwa nini, mama?" mteja mmoja aliuliza.

"Kisukari, baba. Subiri nile, nikuhudumie."

Kila jioni aliosha kidonda na kukifunga. Baada ya miezi mitatu kikapona.

Desemba alikwenda kwao Rombo. Alipita migombani mpaka kwenye kaburi la Onesphory, amevaa viatu vya kanisani. Vyote viwili, kila mguu na chake.