Maji ya Asubuhi, Maji ya Jioni

"Mbona yanazidi kunyauka?" Hashil aliuliza, kopo la maji mkononi.

"Muulize aliyeyaleta," Khairiya alijibu kutoka barazani.

Aliyeyaleta ni Hashil mwenyewe. Maua ya kengele, ya zambarau, kutoka Lushoto, enzi za raha zao. Kisha wivu wa kijinga ukampanda, akamtamkia mkewe talaka moja. Akahamia kwa mama yake, Khairiya akabaki kukaa eda kwenye nyumba yao ya Tabata. Tangu hapo kila jioni mwanaume huyo anakuja, anamwagilia, anaaga, anaondoka. Kumrejea mkewe hasemi. Na eda inaisha leo magharibi!

Ujumbe ukaingia kwa Khairiya. Kaka yake, Usama: "Nipo njiani na kirikuu cha kubebea mizigo yako. Mabegi yawe tayari."

Akainuka. Akakaa. Akainuka tena.

Hashil alichutama, akavuta shina moja. Likatoka na tope, mizizi myeusi, inanuka.

"Yameoza! Na wewe unayamwagiliaga?"

"Nilikuwa namwagilia kila asubuhi. Nilipoona tope nikaacha, wiki ya tatu sasa."

"Na mie naona majani ya njano, nadhani kiu, naongeza! Mbona hukuniambia?"

Machozi yakamtoka Khairiya, na hasira pia.

"Ningekwambia hayataki maji, ungekuja hapa kufanya nini?"

Hashil alilitupa lile shina.

"Mie nilijua hunitaki tena. Kukurejea ni haki yangu, ila sikutaka kukurudisha kwa nguvu. Hata chai hujawahi kunikaribisha."

"Uniache, halafu nikukaribishe chai?"

"Nimekosa, Khairiya. Nisamehe. Nikikurejea, utaridhia?"

"Jua linazama, Hashil, na bado unauliza!"

Hashil akampigia Usama kwa mikono ileile ya tope, akaweka sauti ya juu.

"Shemeji, shuhudia. Nimemrejea mke wangu Khairiya."

Honi zilisikika, kisha sauti ya Usama.

"Nyie watu! Nimeazima gari la watu, nishafika Tabata Bima! Khairiya, umeridhia?"

"Nimeridhia, kaka."

"Basi pikeni, nakuja kula."

Khairiya alinyoosha mkono, akaikata simu. Akamtazama mumewe, mara ya kwanza bila kukwepa macho yake.

"Nenda kanawe," alisema. "Na leo usiage."