Pai ya Sahani ya Nne

Jumatano, saa nne asubuhi, Krismasi ikiwa imebakiza wiki moja, Hansa Raichura alitoa pai ya zabibu kwenye friji, akaikata katikati, akala nusu yake na chai. Kisha akavuta kutoka kwenye meno kitu chembamba kama ngozi ya kitunguu. Alikivuta, hakikukatika. Ulimi wake ulikuwa umeshika utando wa mafuta meupe yaliyoganda, na hayo hayakuwa siagi, maana siagi alikuwa akiijua. Alitema kwenye sinki, akasukutua kinywa mpaka maji ya moto yakaisha bombani, ndipo akapiga simu halmashauri ya jiji la Leicester, Uingereza.

Mtu aliyefikisha miaka sitini na minane bila kuonja nyama hana pa kuijulia ladha yake. Hata hivyo ile nusu iliyobaki aliiweka kwenye kisahani, akaifunika.

Ros Peberdy, mkaguzi wa vyakula, alifika saa nane mchana na mkoba wake wa vibano na mifuko ya plastiki. Alikuta wanawake wawili sebuleni. Hansa alikuwa amekaa wima kama mgonjwa anayesubiri majibu. Jirani yake wa ukuta mmoja, Maureen Tebbutt, mjane wa umri uleule, alikuwa amemshika mkono.

"Pai umeitoa wapi, Bi Raichura?"

"Maktaba. Jana, kwenye kikundi chetu cha Jumanne. Kila Desemba tunashindanisha pai za madukani. Kila mtu analeta boksi moja, Colin Wragg anazipanga kwenye sahani zenye namba, tunaonja bila kujua ipi ni ya duka gani, tunatoa maksi."

"Na matokeo tunayabandika mlangoni," Maureen akadakia. "Watu wanayagombania kuliko ya udiwani."

"Lakini wewe huli mafuta ya mnyama."

"Ndiyo maana nasoma maboksi kwanza. Yote. Nasoma mpaka yale maandishi ya sisimizi. Jana yalikuwa matano, yote na alama ya kijani, yote mafuta ya mimea. Basi naonja kwa amani. Hii ilikuwa sahani ya nne, ya duka la Fosbrook." Hansa alijifuta tena midomo kwa leso. "Niliipa kumi. Sijawahi kumpa mtu kumi. Nikaomba iliyobaki nije nayo nyumbani."

Peberdy aliinamia ile nusu kwa lenzi. Kwa kibano alichomoa kipande kingine cha utando, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya ni mafuta ya figo ya mnyama, yamekatwakatwa kwa mkono. Kwa kawaida huwa ya ng'ombe. Maabara itatupa uhakika, lakini sitaki kukudanganya."

"Mungu wangu," alisema Maureen. "Fosbrook hawa! Washitaki, shoga yangu. Wafungiwe!"

Hansa hakumsikia. "Kila Jumapili napika hekaluni," alisema. "Chakula kinachowekwa mbele ya miungu kabla mtu hajakigusa. Miaka thelathini napika mimi. Jumapili hii nikaingie jikoni na kinywa hiki?" Alimgeukia mkaguzi. "Naomba kitu kimoja tu. Kama ni mashine iliyokosea, nitafunga, nitasali, nitarudi jikoni kwangu. Lakini kama kuna mtu aliyekusudia, nataka jina lake."

"Nitakuletea," alisema Peberdy, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kuahidi.

Saa tisa na nusu alikuwa ofisini kwa meneja wa duka la Fosbrook, bwana mmoja aitwaye Gareth Illingworth, tai yake ina picha za kulungu. Nje foleni ilikuwa imefika kwenye rafu za jibini.

"Wiki hii, mama? Katika wiki zote za mwaka, mmeichagua hii?"

"Niletee boksi la pai za Krismasi."

Aliletewa. Pai zilikuwa ndani ya vikombe vya foili ya rangi ya dhahabu. Peberdy alichomoa moja, akaivunja, akaichambua punje kwa punje. Mafuta ya mimea ya kiwandani, punje ndogo zilizovingirishwa kwenye unga wa mchele, wala utando hamna. Kisha akaiweka ile nusu ya Hansa kando ya pai nzima.

"Tazama ubavu. Yako ina mikunjo mikunjo, imeokewa ndani ya foili. Chini bapa. Hii ubavu wake laini, na chini imeviringana. Imeokewa kwenye trei ya chuma, ile yenye mashimo, jikoni kwa mtu."

"Kwa hiyo si sisi?"

"Juu wameweka nyota ya unga kama yenu, lakini si nyinyi."

Illingworth alikaa juu ya kreti la machungwa na kufuta jasho. Peberdy alitoka akiwa na hasira. Kosa la kiwanda lina fomu yake na faini yake, na mwisho wa siku unarudi nyumbani ukalale. Sasa alikuwa anamtafuta mtu aliyesimama kwenye meko yake, akakanda unga, akakata nyota ifanane na ya dukani.

Colin Wragg alikuwa wa kwanza kutajwa na kila aliyeulizwa maktaba. Ndiye aliyekuwa peke yake kwenye jiko dogo la nyuma, mlango umefungwa, akipanga sahani. Tena ndiye mwenye mzaha uleule kila mwaka, ambao watu walishaacha kuuchekea.

"Ulimwambia nini Bi Raichura jana?" Peberdy alimwuliza.

"Ninayomwambia siku zote. Jina lenyewe la hizi pai kwa Kiingereza, mince, ni nyama ya kusaga, Hansa, utaniambia ndani hamna?" Colin alianza kucheka, akaona anacheka peke yake. "Utani tu, mama. Tunataniana tangu zamani."

"Na yeye anakutania nini?"

Colin alianza kuchezea kifungo cha koti lake.

"Kuna mtu amemlisha mafuta ya ng'ombe, Bwana Wragg. Wewe ndiye uliyepanga sahani. Unaoka?"

"Mimi? Mimi hata mkate nauunguza! Muulize mke wangu wa kwanza. Muulize wa pili." Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama, mimi ni mropokaji, sikatai. Lakini yule mama alinipikia wiki nzima nilipotolewa nyongo. Siwezi."

"Vile vikombe vya foili ulivitoa wewe?"

"Vyote. Ndiyo kazi yangu, watu wasitambue duka."

"Ulivitupa wapi?"

Vilikuwa bado kwenye pipa la taka ngumu nyuma ya maktaba, maana gari halikuwa limepita. Peberdy alivaa glovu, akapekua kwenye baridi huku Colin akimshikia mwavuli. Aliona foili za fedha, nyekundu, za kijani zenye picha za theluji. Ya dhahabu haikuwepo hata moja.

"Bwana Wragg. Za Fosbrook uliziweka wapi?"

Colin alikunja uso akifikiri. "Ngoja. Zile zilikuja zimeshatolewa. Boksi lilikuwa wazi, pai zimelala ndani tupu. Aliniambia, nimekupunguzia kazi, Colin, na mgongo wako huo. Nikaona wema." Mwavuli ulianza kuinama, maji yakamwingia mkaguzi shingoni. "Na Hansa alipotaka kubeba iliyobaki, alimwambia aiache, achukue ya sahani ya pili. Akamng'ang'aniza kabisa. Ah, mama. Ah, hapana."

"Nani, Bwana Wragg?"

Alilitaja jina kwa sauti ndogo, akaufunga mwavuli.

Ilipogonga saa kumi na moja Peberdy alisimama mlangoni kwa Hansa, akamwambia jina. Alitaka kwenda peke yake. Hansa alikwishavaa koti juu ya sari.

"Nimeuingia mlango ule miaka thelathini," alisema. "Leo ndiyo nibaki nje?"

Jiko la Maureen lilikuwa na joto na harufu ya mdalasini. Kwenye ndoana ukutani, mbali na vyombo vingine, kilining'inia kikombe cha Hansa cha buluu, ambacho hakikuwahi kuoshwa pamoja na sahani za nyama. Maureen alijua kuzingatia mambo kama hayo. Alianza kujaza birika.

"Usiweke chai," alisema Peberdy. "Vikombe vya dhahabu viko wapi, Bi Tebbutt?"

"Vikombe gani?"

"Pai za Fosbrook ulizinunua, ukazila au ukazitupa. Ndani ya boksi lao ukaweka za kwako. Naweza kumuuliza mwenye bucha ni nani alinunua mafuta ya figo wiki hii. Naweza kuitazama trei yako. Ningependa uniambie mwenyewe."

Maureen aliweka birika chini. Hakumtazama mkaguzi.

"Ulisema tamu," alimwambia Hansa. "Ulifumba macho. Ukasema, hii imepikwa na mtu anayejua."

"Maureen."

"Miaka thelathini! Ken alipokufa ulikuja kila siku na masufuria yako. Nilikula kila kitu, na pilipili zako zile, nikalia machozi nikala. Na siku ya mazishi nilikaanga, nikaoka, meza imejaa, wewe ukasimama pale na chai kavu. Watu wananitazama. Cha kiwandani unakula! Kitu kilichopikwa na mashine unakiamini kwa sababu kina kibandiko. Mkono wangu mimi huuamini."

"Haukuwa mkono wako niliokuwa nakataa."

"Ningejuaje? Hujawahi kuuonja!" Sauti ilimkatika. "Ni pai za mama yangu zile. Nilitaka mara moja tu, kabla sijafa, uonje bila kujua, useme ukweli. Nikajua hutajua, hutaumia. Pai moja tu pale mezani, basi. Ni wewe uliyetaka kubeba nyingine nyumbani. Nilikukataza!"

"Na leo mchana ulinishika mkono," alisema Hansa. "Ukaniambia niwashitaki Fosbrook."

Maureen alilia. Alilia vibaya, pua na macho, amejishika kwenye ukingo wa sinki. Peberdy alikuwa ameona wauzaji wa nyama mbovu na wapishi wenye panya, lakini hakuna aliyemtia simanzi kama hii. Aliangalia sakafu.

Hansa alisubiri mpaka kilio kikapungua.

"Yale mafuta ya mimea yanauzwa pale pale dukani," alisema. "Rafu ileile, boksi la kijani. Kila Krismasi nilikuwa nikiyaona, nikajiambia, mwaka huu Maureen atayanunua. Mwaka huu ataniambia, Hansa, hizi nimekutengenezea wewe. Nilikuwa nangoja, Maureen. Niliona aibu kukuomba."

"Zisingekuwa za mama," alisema Maureen, akiwa amempa mgongo. Alikuwa hajaelewa, au alikuwa ameelewa na hakuwa na jingine la kusema.

Peberdy alikohoa, akasema kwa upole kwamba hili lilikuwa limeshatoka mikononi mwa ofisi yake. Angekuwa ni mwenye duka, angemshitaki yeye mwenyewe. Kwa mtu binafsi ni kazi ya polisi, na watataka malalamiko ya mwenye kudhuriwa. Hakuna ulazima wa kuamua leo. Wengine hulala nalo kwanza, wengine huyamaliza kijirani.

"Shoga yangu," alisema Maureen. "Hansa. Tafadhali."

Hansa alivuta kiti, akakaa kwenye meza aliyoizoea, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni ingawa jiko lilikuwa na joto.

"Toa kalamu, Bi Peberdy," alisema. "Andika. Maureen Tebbutt. B mbili katikati, na mwishoni t mbili."