Kasia la Kposu

"Elfu sitini nimekulipa, na kasia lake humohumo!" nilimwambia Houefa. "Au unataka nipige maji kwa viganja kama bata?"

"Mtumbwi nauza, dada yangu. Kasia siuzi."

"Basi nirudishie faranga zangu. Zihesabu hapahapa, majirani wasikie."

Nilijua hana. Zilikwisha kwenda kwenye mazishi ya mumewe, Kposu, aliyezama ziwani mwezi uliopita. Na desturi naijua, sikuzaliwa jana. Kasia la mtu aliyekufa majini husimikwa kwenye tope pale alipozamia, ndipo kazi yake inakuwa imekwisha. Lakini kasia jipya ni elfu nne, na mtumbwi bila kasia ni kihori cha kulishia nguruwe.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya nyumba za nguzo. Houefa alinitazama, akatazama maji, akaingia ndani, akalichomoa kasia chini ya kitanda na kulitupa mtumbwini.

Nimelipa, nimepewa. Mimi longolongo siwezi.

Niseme ukweli: sijawahi kuonja raha kama ya jioni ile. Miaka kumi na moja nilikodi mitumbwi ya watu kuuzia maji ya bomba, mitumbwi mizito, inayovuja, na mwenyewe anakungoja ngazini amekinga mkono. Huu ulikuwa wangu. Mwembamba, mwepesi, ubavu laini kama shavu la mtoto. Nilipiga kasia mara moja, ukaenda kama umepigwa mara mbili. Nikacheka peke yangu.

Siku ya pili nilipakia madumu ishirini, mikono haikuchoka. Siku ya tatu nilimaliza wateja kabla jua halijawa kali. Vijana niliwapita nikiwazomea.

Siku ya tano Agosa, muuza mafuta ya taa, alinisimamisha.

"Senami! Mbona mtumbwi umedidimia nyuma? Makalio yamekuhama?"

"Pima ya mkeo kwanza!"

Akacheka, akaenda zake. Mimi nikageuka.

Huwa naketi katikati. Madumu nayapanga mbele. Nyuma hapakuwa na kitu.

Na nyuma ndiko kulikozama.

Ubao wa pale ulikuwa umelowa. Nikaupangusa kwa kitambaa, nikaendelea na kazi. Mtu ana wateja.

Siku ya saba upepo wa jangwani ulileta vumbi, ziwa likawa jeupe. Saa nne asubuhi sikuiona hata ncha ya mtumbwi wangu. Nikaacha kupiga kasia, nisikilize kama kuna anayekuja nisigongwe.

Kimya.

Chubwi.

Mtumbwi ukasogea.

Chubwi... chubwi...

Kasia lilikuwa mapajani mwangu, linanidondoshea maji. Harufu ikanijia, ya ugoro na tope bichi. Nyuma ya shingo yangu mtu akavuta pumzi, pumzi ya mtu aliye kazini.

Sikugeuka. Wewe ungegeuka?

Chubwi... chubwi... mpaka mtumbwi ukagota kwenye ngazi. Nikainua macho. Houefa alikuwa amesimama juu, ameshika ungo wa samaki.

"Yuko nyuma yangu," nikanong'ona.

Hakushtuka. Alitazama nyuma ya mtumbwi kwa muda mrefu, akajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Amekonda," akasema.

"Houefa... anataka nini?"

"Nilikwambia siuzi. Ungeniuliza kwa nini, ningekueleza. Wewe ukapiga kelele."

"Sasa nakuuliza!"

"Kposu hakumpigia mtu kasia la bure, hata mama yake. Alikuwa anapokezana. Siku zake, halafu siku zako." Akashusha sauti. "Umepumzika siku ngapi, Senami?"

Nikahesabu kwa vidole.

Vumbi lilipopungua, nilikwenda mpaka kwenye uzio wa matawi wa kufugia samaki, pale Kposu alipozama. Nikalisimika kasia, nikalikandamiza kwa uzito wangu wote mpaka tope likameza nusu yake. Nikamwomba radhi kwa sauti. Nikarudi kwa pondo, mti mrefu niliouazima. Njia nzima mtumbwi ulikuwa mzito, mzito kama ile ya kukodi, mabega yakawaka moto, nami nikashukuru. Nikasema, ameshuka. Sasa natumia nguvu zangu mwenyewe.

Usiku nililala vizuri.

Alfajiri nikateremka ngazi na madumu yangu matupu.

Kasia lilikuwa limelazwa katikati, mahali ninapoketi. Tope lake bado bichi, mpini umeelekezwa kwangu.

Nyuma palikuwa pakavu. Palikuwa pameinuka.

Mbele ndiko kulikodidimia. Mbele, ninapoweka mzigo.

Nikatazama huku na huku. Hakuna jirani aliyeamka. Nikaweka mguu kwenye ngazi nirudi juu, nikaushusha. Ziwa zima linanijua mimi: sidhulumiwi, na sidhulumu. Maneno hayo nimeyasema mwenyewe, kwa kinywa hiki, kwenye kila ngazi ya kijiji.

Harufu ya ugoro ikapanda.

Sauti ikatoka mbele ya mtumbwi, ya taratibu, ya mtu asiyegombana.

"Siku saba, Senami. Nipigie zangu."