Nati za Landrova Zilivyoondoka na Ndoa Yangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na tisa, ni mama wa watoto wawili, na ninaishi katika nyumba ya mama yangu hapa Makote, Newala. Mume sina... Nilikuwa naye, tena mwema! Aliyenitenganisha naye si mwanamke mwingine, wala si pombe. Ni maneno machache ambayo mdogo wangu aliagizwa kuyasema, akanyamaza.

Mume wangu, Baba Zuhura, ni fundi magari, mtu wa Lupaso kule Masasi. Kwetu mwanamume akioa mara nyingi huhamia ukweni, na mwenye sauti katika ukoo ni mjomba, kaka wa mama. Wetu alikuwa Mjomba Bakari. Alimpenda Baba Zuhura kama mtoto wa kumzaa. Lakini mkwe ni mkwe... Hajibizani na mjomba wa mkewe, wala hamkatazi jambo mbele za watu. Akiwa na la kusema, humpitishia shemeji yake. Shemeji huyo alikuwa Salumu, mdogo wangu wa tumbo moja.

Mjomba alikuwa na Landrova ya zamani, aliyoinunua enzi za ujana wake. Injini ya petroli ilipokufa kabisa, alilia machozi, mtu mzima yule! Baba Zuhura akamtafutia injini ya dizeli iliyotolewa kwenye pikapu ya Kijapani, akaahidi kuifunga mwenyewe.

Ngoja niwaeleze kidogo kazi hiyo. Msiogope, ni rahisi, hata mimi niliielewa kwa kumshikia taa na uzi. Injini ngeni haina makao yake kwenye gari lisilo lake. Fundi huchomelea vyuma vipya kwenye chesisi, juu yake huweka mauntingi, yaani yale mapira mazito yanayoibeba injini na kuizuia isitikise gari. Kisha injini hushushwa polepole kwa mnyororo, inyooke na giaboksi. Ikiinama au ikitazama pembeni kidogo tu, shafti itapiga na mapira yatachanika.

Na hapa ndipo penyewe: mwanzoni nati hazikazwi! Zinashikizwa kwa vidole tu. Injini inawashwa gari likiwa limesimama, inaachwa itikisike mpaka ipate kikao chake. Fundi anapima tena kwa uzi, ndipo anakaza. Baba Zuhura akishakaza nati huipaka tone la rangi nyekundu. Isiyo na rangi, kazi yake haijaisha.

Ilikuwa likizo, na vijana wa ukoo wetu walikuwa wanatoka jandoni. Mjomba alikuwa na hamu kubwa ya kuwaleta nyumbani kwa Landrova yake. Asubuhi ya sherehe, Baba Zuhura akagundua kwamba pira la kushoto ni fupi kuliko la kulia, injini imelala upande. Akaamua kwenda Masasi kutafuta jingine. Mjomba alikuwa amekaa na wazee wageni. Mkwe angeingiaje pale aseme, "Mjomba, gari lako leo usiliguse"? Akamvuta Salumu pembeni, akampa ujumbe. Kisha akanipitia jikoni, tulipokuwa tunapika na akina mama.

"Mama Zuhura, nashuka Masasi mara moja. Nimeshamwambia shemeji gari lisitoke. Nati zimeshikwa kwa vidole tu."

"Haya, nenda salama," nikamjibu, nikaendelea na ubwabwa wangu... Laiti ningejua!

Haukupita muda nikasikia mlio. Injini ile! Niliruka na mwiko mkononi, nikatoka mbio hadi uani. Salumu kwenye usukani, miwani myeusi usoni. Mjomba pembeni yake, anacheka kama mtoto.

"Simama! Salumu, simama! Haijakazwa!"

Nani angenisikia? Vigelegele, ngoma, watoto wanalikimbilia gari. Mama mmoja akanishika kiuno akidhani nami nimeingia kucheza!

Kwenye mteremko wa kwanza injini ilihama. Waliolikagua gari baadaye walisema ilinyanyuka upande mmoja, ikauvuta waya wa kanyagio la mafuta, gari likaenda mbio lenyewe. Salumu akakanyaga breki, wapi! Wakaacha njia, wakaugonga mkorosho kwa upande wa Mjomba... Vijana walikuwa hawajapakiwa bado, namshukuru Mungu kwa hilo. Salumu alitoka na mikwaruzo. Mjomba alikatwa mguu.

Aliporudi kutoka hospitalini, ukoo ukakaa kikao. Baba Zuhura akaulizwa kwa nini aliacha gari katika hali ile bila kusema neno. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba alimwambia shemeji.

Macho yote yakamgeukia Salumu. Mdogo wangu akatazama mkeka. "Hakuniambia kitu," akasema.

Niliinuka, nikakimbilia kwenye mabaki ya gari, nikarudi na nati. "Tazameni! Hazina rangi! Mume wangu hakulikabidhi gari hili!"

Mzee mmoja wa ukoo akacheka kwa dharau. "Makubwa! Mama Zuhura naye siku hizi fundi. Kesho atafungua gereji."

"Aliniambia jikoni kwamba kamwagiza Salumu!"

"Umesikia kwa mumeo. Salumu akiagizwa, ulikuwepo?"

Sikuwepo.

Nilimtazama mume wangu, nikimwomba kwa macho ajitetee, aape, hata apige kelele! Hakuweza kumwita shemeji yake mwongo mbele ya mama mkwe. Mjomba, huku akipapasa pale mguu wake ulipoishia, akasema, "Mkwe, rudi kwenu."

Alifunga spana zake kwenye gunia. Nilimsindikiza hadi njiani. "Utakuja?" akaniuliza. Nikamwambia atangulie, nitamfuata mambo yakipoa.

Hayakupoa. Mjomba alihitaji wa kumnyanyua, mama alikuwa akilia kila siku, watoto walikuwa shuleni... Kila aliponipigia nilimwambia asubiri kidogo. Simu zikapungua. Mwisho akapiga kunipa talaka, kwa upole uleule, akasema hanilaumu. Upole ule uliniumiza kuliko tusi!

Miaka ikapita, Mjomba akafariki. Tukiwa bado msibani, Salumu akanifuata nyuma ya nyumba, akapiga magoti. "Dada, aliniambia. Kila neno aliniambia."

"Sasa kwa nini, Salumu?"

"Mjomba angeahirisha. Mimi nilitaka watu wanione naendesha. Baadaye nikaogopa."

Kuonekana! Kwa hilo tu? Mguu wa mtu, ndoa ya dada yako?

Sikumpiga. Msiba ulipokwisha nilimwambia avae viatu, twende Nachingwea, alikohamia Baba Zuhura. "Safari hii ujumbe utaufikisha," nikamwambia.

Tulimkuta chini ya lori. Akatoka, akajifuta mikono. "Karibu, shemeji," akasema, kana kwamba jana tu walikula pamoja. Salumu akaeleza yote mbele ya mafundi wenzake. Baba Zuhura akakaa juu ya tairi. Aliuliza swali moja tu, kama Mjomba alijua ukweli kabla ya kufa. Tukamwambia hakujua. Akainama, akalia kwa kwikwi, akimlilia mzee aliyemfukuza.

Niwafiche nini? Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Nilikuwa na tumaini... Ndipo akatokea dada mmoja na sinia la chakula, mtoto mgongoni. Akanipigia goti. "Shikamoo, mama. Karibuni wageni, naweni mikono." Mtoto yule alikuwa na masikio ya Zuhura wangu.

Nilinawa. Nikala.

Wasomaji wenzangu, heshima ya ukweni ni nzuri, sitaki mwitupe. Lakini jambo la kuhatarisha uhai wa mtu usilipitishe kwa mtu wa tatu. Ingia mbele ya wazee, piga magoti ukipenda, ulitamke mwenyewe! Wazee wakikasirika, watatulia. Nanyi mnaokaa vikao, msimhukumu mgeni kwa sababu tu hana wa kumsemea.

Na wewe mke unayemwambia mumeo atangulie, utamfuata... Dada yangu, kama unamwamini, beba watoto muondoke pamoja. Mjomba mgonjwa angepata wa kumuuguza. Mahali pangu kwa Baba Zuhura hapakunisubiri.